Kioo Kisicho na Taa

Nintendo ilipotoa Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi, mwaka 1989, kioo chake hakikuwa na rangi wala taa ya ndani. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, alipenda kutumia vifaa vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka. Mshindani wa Game Boy, Game Gear ya Sega, ilikuja na rangi zake, lakini ikamaliza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikwenda na nne kutwa nzima na zaidi. Leo wakusanyaji wengi huitia kioo kipya chenye mwanga. Mimi yangu naiacha ilivyo. Jioni nasogea dirishani, naiinamisha kidogo kidogo mpaka matofali ya Tetris yaonekane vizuri. Kitaa chekundu ubavuni mwa kioo kikianza kufifia, najua betri zinakata roho, nami naharakisha kumalizia mstari wa mwisho.