Kasoro Iko Wapi Gitaa Linapoziba Sauti?

Lehemu mbovu ndani ya gitaa la umeme hutii kanuni za fizikia sawasawa na lehemu nzuri. Umeme ukikuta kiungo kisichoshika, hukatika. Ukikuta njia ya mkato ya kwenda ethi, huifuata. Hakuna kanuni ya maumbile iliyovunjwa. Hata hivyo fundi hufungua kifuniko, hutazama, husema pana kasoro, na aghalabu huwa amesema kweli. Sasa kasoro hiyo imekaa wapi?

Sauti butu yenyewe haina muujiza. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, na mtikisiko wa nyuzi za chuma huzalisha humo umeme kidogo sana. Umeme huo hupitia swichi, kidhibiti cha sauti, kidhibiti cha toni na kebo, na kila kituo hutoza ushuru wake, hasa kwa sauti kali za juu. Kidhibiti cha kiloomu 250, kilichozoeleka kwa pikapu za koili moja, kikifungwa kwenye pikapu ya koili mbili ambayo kwa kawaida hupewa cha kiloomu 500, ung'avu hupungua. Kebo ndefu nayo hufanya kazi kama kapasita, ikizipoteza sauti za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya.

Jibu la kale la swali la kasoro imekaa wapi linatoka kwa Aristotle, ambaye katika *Nicomachean Ethics* alitoa mfano wa mpiga filimbi: uzuri wake hupimwa kwa kazi aliyo nayo. Kwa kipimo hicho, gitaa ni bovu linaposhindwa kazi liliyoundiwa. Jibu linaridhisha mpaka lifikishwe kwenye Telecaster ya kampuni ya Fender. Kuanzia 1952 hadi 1967, swichi ya gitaa hilo ikielekezwa upande wa shingo ilipitisha sauti kwenye kapasita iliyozima karibu ung'avu wote, ikabaki sauti nzito ya chini. Mpigaji wa leo akiisikia bila kuijua historia hiyo angelipeleka gitaa kwa fundi siku hiyohiyo. Kumbe limetoka kiwandani hivyo, kwa makusudi.

Kisa cha pili kinageuza mambo. Peter Green wa Fleetwood Mac alikuwa na Gibson Les Paul ya 1959 ambayo pikapu yake ya shingoni ilikuwa na sumaku iliyogeuzwa. Pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja, mawimbi yao yalipingana na sehemu kubwa ya sauti nzito ikafutika, ikabaki sauti yenye uwazi, ya puani. Kiwanda hakikukusudia hivyo. Lakini gitaa hilo likapita kwa Gary Moore, baadaye likafika kwa Kirk Hammett wa Metallica, na sauti hiyo ni sehemu kubwa ya sifa yake. Nia ya mtengenezaji, basi, haitoshi kuamua.

Hapo huja kishawishi cha kusema kwamba kila kitu ni ladha tu: mpiga solo wa dansi anataka kila noti ing'ae peke yake, mpiga jazi anarudisha toni nyuma kwa hiari, na hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Telecaster ya zamani huziba sauti pale tu swichi inapoelekezwa huko, na Les Paul ya Green hutoa sauti ya puani pale tu pikapu zote mbili zinapowashwa. Mpigaji anaingia na kutoka atakavyo. Jeki iliyolegea haimwachii nafasi hiyo, wala kidhibiti cha toni ambacho kapasita yake imekufa. Kasoro, kwa maana hii, ni uwezo wa kuchagua ambao mpigaji alikuwa nao, au alitarajia kwa haki kuwa nao, ukaondolewa. Ndiyo maana gitaa la pikapu moja si bovu kwa uchache wa sauti zake, kwa kuwa aliyelichukua aliujua mpaka huo tangu mwanzo.

Mpigaji akishasema anataka kufanya nini, ladha hukoma na waya huanza kujibu. Fundi mzuri hubadilisha kwanza kebo, kisha amplifaya, kisha nyuzi zilizochakaa, kwa sababu lawama nyingi huishia hapo na bisibisi haijaguswa. Ndipo hugonga kila pikapu taratibu ili asikie kama ipo hai, na kuipima kwa mita: ya koili moja husoma karibu kiloomu 6, ya koili mbili karibu 8, na koili iliyokatika haipitishi kitu. Mita haijui muziki, lakini inaweza kumwonyesha fundi kwamba amekosea, jambo ambalo ladha pekee haiwezi.

Linabaki tatizo moja la kweli. Telecaster nyingi za miaka ya 1950 zilibadilishiwa nyaya na wenyewe ili sauti ya shingoni ifunguke, na sasa wapo wakusanyaji wanaorudisha kapasita ileile iliyotolewa. Fundi anayeletewa gitaa la namna hiyo hawezi kuamua kwa mita pekee lipi ni tengenezo na lipi ni uharibifu. Inambidi kwanza aulize kama mwenyewe analipiga jukwaani au analitunza kama kumbukumbu, na majibu hayo mawili yatamfanya aunganishe waya uleule mahali tofauti.