Mruko Ambao Hakuna Aliyeuhesabu

Masomo ya kutafakari: Isa 49:14-16, Mt 6:1-6, Lk 23:39-43



Kuna mji mdogo Marekani, katika jimbo la Idaho, unaitwa Moscow. Siyo ule wa Urusi. Mwaka 1963, ndani ya baa moja ya mji huo iitwayo Corner Club, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Idaho aliruka mbele ya watu. Hakuanza kwa kukimbia. Alisimama pale pale, akajikusanya, akaruka wima, mkono juu. Pale alipofika pakapigiliwa msumari: futi 11 na inchi 6 kutoka sakafuni, yaani kama mita 3 na nusu. Ili upate picha vizuri, pete ya kikapu iko mita 3.05. Huyu bwana alipita juu ya pete karibu nusu mita, tena kutoka kusimama.

Wengi walikuja kuujaribu msumari ule, wakashindwa. Ulikaa miaka 23 mpaka mwaka 1986, alipokuja kijana mwingine, Joey Johnson, mdogo wake nyota wa NBA Dennis Johnson, akaufikia.

Aliyeruka mwaka 1963 alikuwa Gus Johnson. Najua wengi wenu mnasikia jina hili leo kwa mara ya kwanza, ikiwa ni pamoja na nyie mnaokesha kuangalia mechi za NBA usiku wa manane halafu asubuhi mnasinzia kwenye Misa. Ukiwauliza vijana nani alikuwa anaruka, watakutajia Michael Jordan, watakutajia Vince Carter, na mwenye kusoma historia atakutajia Julius Erving. Gus Johnson? Kimya.

Sasa kuna atakayesema, "Frateri, leo umetuletea michezo?" Ndiyo, nimeleta michezo. Hata Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia wakimbiaji wa uwanjani na taji lao linalonyauka (1 Kor 9:24-25). Nina sababu ya kumkumbuka Gus, na mtaiona.

Gus alizaliwa mwaka 1938 huko Akron, Ohio. Alikuwa na kimo cha mita 1.98, urefu ambao kwa mchezaji wa karibu na kikapu si wa kutisha sana. Mwaka 1963 aliingia NBA na timu ya Baltimore Bullets. Katika msimu wake wa kwanza tu alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 17 na ribaundi zaidi ya 13 kwa mechi. Aliteuliwa mara tano kucheza mechi ya nyota wote. Alikuwa na nguvu kiasi kwamba alipoutumbukiza mpira kikapuni kwa kishindo, ubao wa kioo ulivunjika vipande vipande, na si mara moja tu. Wachezaji wakubwa wa upande wa pinzani walijua kwamba usiku ule watakabwa na mtu ambaye habanduki.

Na hakuwa mtu wa kujificha. Jina la utani aliitwa "Honeycomb", sega la asali. Kwenye jino la mbele aliweka nyota ya dhahabu, ili akitabasamu umwone hata kama hukupanga kumwona! Mtu huyu alipenda kuonekana. Aliwekewa msumari, alivunja vioo, alivaa nyota mdomoni. Na bado akasahaulika.

Kwa nini? Sababu ziko kadhaa. Enzi zake mechi nyingi hazikuonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo video zake ni chache. Magoti yake yaliumia mapema, na mwaka 1971, Bullets walipofika fainali na kufungwa na Milwaukee, alikuwa anahangaika na majeraha. Lakini kuna sababu moja iliyonigusa kuliko zote. Sifa kubwa ya Gus ilikuwa ulinzi: kuruka na kuuzuia mpira wa mwenzake hewani, kupokonya mpira mikononi mwa mtu. Sasa, NBA ilianza kuandika rasmi idadi ya mipira iliyozuiwa na iliyopokonywa katika msimu wa 1973–74. Gus alistaafu mwaka 1973. Soma tena hapo. Walianza kuhesabu kazi yake pale tu alipomaliza kuifanya.

Ukifungua takwimu zake za NBA leo, sehemu ya mipira aliyozuia iko tupu. Mtu asiyejua atadhani hakuzuia hata mmoja.

Kijana mwenzangu, hapa ndipo nilipotaka tufike. Maana najua wapo kati yetu ambao maisha yao yana sehemu tupu kama hiyo. Wewe uliyeacha chuo ili umwuguze mama, na ndugu wanauliza tu, "Umri unakwenda, unafanya nini siku hizi?" Wewe unayefua vitambaa vya altare kila Jumamosi na hakuna anayejua ni nani anayevifua. Wewe unayewafundisha watoto katekisimu chini ya mwembe, halafu siku ya Komunyo ya Kwanza wanaitwa watu wote mbele kushukuriwa, jina lako linarukwa. Wewe uliyejizuia usitende dhambi ambayo ungeweza kuitenda na hakuna ambaye angejua. Dhambi isiyotendwa haina takwimu. Nani anaihesabu?

Watu wa dini tuna tabia ya kuwahi kusema, "Usijali, Mungu anaona." Ni kweli, anaona. Lakini tukilisema haraka mno linakuwa kama dawa ya maumivu anayopewa mtu ambaye hata hajapimwa. Kutokuonekana kunauma. Biblia yenyewe hailifichi hilo: katika kitabu cha Isaya, Sayuni analalamika waziwazi kwamba Bwana amemwacha na kumsahau. Na Mungu hamgombezi kwa kulalamika. Anamjibu kwa mfano wa mama na mtoto anyonyaye, kwamba hata kama mama angeweza kumsahau mwanawe, Yeye hawezi, kwa maana amemchora katika viganja vyake.

Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na hoja moja ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino ambayo sijaweza kuiacha. Katika Summa Theologiae anauliza kama heri ya mwanadamu inaweza kuwa katika umaarufu. Anajibu hapana, na sababu yake ni nzito. Anasema ujuzi wa wanadamu hauumbi kitu, unakifuata kitu ambacho tayari kipo. Ujuzi wa Mungu ndio ulio chanzo cha vitu.

Tuiweke kwa lugha ya nyumbani. Embe haliivi kwa sababu umeliona. Umeliona limeiva kwa sababu lilikwisha kuiva, hata kabla hujapita chini ya mti. Macho yako hayakuliongezea sukari. Basi watu elfu wakikusifu, hawajakuongezea wema hata chembe, wameukuta. Na wasipokuona, hawajakupunguzia. Mipira aliyoizuia Gus Johnson ilizuiwa kweli. Karatasi kuwa tupu hakukuirudisha kikapuni.

Kwa Mungu mambo yako kinyume. Yeye hakuangalii baada ya kuwepo, kama mpita njia chini ya mwembe. Upo kwa sababu anakujua na anakupenda. Wema wako unaiva kwa kutazamwa naye. Ndiyo maana Yesu katika Mathayo 6 anarudiarudia habari ya Baba aonaye sirini. Zamani nilidhani maana yake ni kwamba Mungu ana kamera iliyofichwa. Siku hizi naona zaidi ya hapo: kule sirini ndiko anakofanyia kazi yake.

Kwa hiyo ukikesha unahesabu waliotazama picha yako, unawaomba watu kitu ambacho hawana uwezo wa kukupa. Siwalaumu. Mwombaji huomba palipo na watu. Lakini wewe omba penye chakula.

Hata hivyo tusiishie hapo, maana hapo kuna mtego. Mtu anaweza kuikumbatia hoja hii kisha akaitumia vibaya: "Kama kusifiwa hakuongezi kitu, basi na mimi sina haja ya kumshukuru mtu." Tunamlipa katekista mchovu aliyetembea vigango vitatu kwa neno "Mungu atakulipa". Dada wa kazi tunamwambia Mungu anaona, na sisi tumefumba macho. Tunajificha nyuma ya methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, wapo wagema wa namna hiyo. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mbona hiyo hatuikumbuki?

Gus Johnson alitunzwa, ila kwa kuchelewa sana. Mwaka 1986, akiwa mgonjwa, Bullets waliistaafisha jezi yake namba 25, asiivae mtu mwingine tena. Tarehe 29 Aprili 1987 alifariki kwa saratani ya ubongo, kwao Akron, akiwa na miaka 48. Kuingizwa katika jumba la kumbukumbu ya magwiji wa mpira wa kikapu, kule Springfield, kulikuja mwaka 2010. Hesabu mwenyewe: miaka 23 baada ya kufa. Msumari ulingoja miaka 23 apatikane wa kuufikia, na jina lake likangoja miaka 23 mingine. Mwaka huo huo aliingizwa pia marehemu Dennis Johnson, kaka yake yule kijana aliyeufikia msumari.

Je, sherehe ile ilimwongezea Gus sentimita ya mruko? Hata moja. Ilikuwa deni, na deni hulipwa kwa sababu ni haki, hata kama mwenye kudai hayupo tena kulipokea. Waliofaidika ni waliokumbuka, maana waliacha kuishi na orodha isiyo ya kweli. Kumkumbuka mtu ni kusema ukweli juu yake. Na kumsahau mtu aliyekutendea mema, hata kwa uvivu tu, ni aina ya uongo.

Sisi Wakatoliki tungepaswa kuwa mabingwa katika jambo hili. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana hakuomba ateremshwe msalabani. Aliomba akumbukwe, basi. Akajibiwa siku ile ile, na Mtu ambaye mikono yake mwenyewe ilikuwa imepigiliwa misumari. Sasa rudi kwa Isaya na viganja vilivyochorwa, usome tena taratibu. Na Bwana huyo, usiku wa kuamkia mateso yake, alituachia Misa ifanywe kwa ukumbusho wake. Kila Misa tunawataja marehemu. Katika Sala ya Ekaristi ya Nne, Kanisa linawaombea hata wale wafu ambao imani yao ni Mungu peke yake aliyeijua. Yaani tuna mahali katika sala kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyewaandika popote. Gus Johnson naye ana nafasi hapo. Na bibi yako ambaye kaburi lake halina hata msalaba ana nafasi hapo.

Basi nawaomba jambo dogo wiki hii. Mtafute mtu mmoja ambaye kazi yake imekubeba na hujawahi kumtaja. Mwalimu wa darasa la pili, mama wa jumuiya aliyekufundisha rozari, kaka aliyekulipia nauli ya kwenda kwenye usaili. Mpigie simu au mfuate. Mwambie kitu chenyewe alichofanya, siku na mahali kama unakumbuka, usimwambie tu "asante kwa yote". Kama amefariki, peleka jina lake kwenye nia za Misa.

Na kama wewe ndiye unayejiona umesahaulika, hadi unafikia kuwaza kwamba hata usipokuwepo hakuna atakayegundua, tafadhali usilibebe peke yako. Ongea leo na padre, na mlezi, na rafiki mmoja unayemwamini. Kumwambia mtu "nikumbuke" si udhaifu. Mtu wa kwanza kuahidiwa peponi alianzia hapo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuchora viganjani mwako, uzijaze sehemu zilizobaki tupu katika maisha yetu kwa kutazama kwako. Utupe macho ya kuwaona wanaotutumikia bila kutajwa, na ulimi mwepesi wa kuwashukuru wangali hai. Uwapokee marehemu wote ambao dunia imewasahau, nao watuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi frateri wenu. Tuombeane.