Randa Iliyopita Juu ya Boriti

Aliyewahi kuingia karakana ya seremala analijua jaribu hili: ubao umezidi nafasi yake, mwenye kazi anakuja kesho, na randa iko karibu na mkono. Unaupunguza kidogo, unaingia, mambo yamekwisha. Kwenye kitanda, dhambi hiyo huenda isijulikane kwa miaka kumi. Mwaka 1918, kwenye ndege ya Wajerumani, ilijulikana angani, nayo ikaua watu.

Ndege yenyewe ilikuwa Fokker E.V. Ilikuwa na bawa moja tu, limeinuliwa juu ya kiwiliwili kwa nguzo, mfano wa mwavuli juu ya kichwa cha rubani. Umbo hilo halikuwa geni. Wafaransa wa Morane-Saulnier waliingia nalo Vita Kuu ya Kwanza, na marubani walilipenda kwa kuwa hapakuwa na bawa la chini la kuwaziba wasione ardhi. Ila bawa la Morane lilivutwa na nyaya, juu na chini. Reinhold Platz, msanifu wa kampuni ya Fokker, alizitupa nyaya hizo. Bawa lake la mbao, lililofunikwa kwa plaiwudi, lilijibeba lenyewe kwa boriti zilizofichwa ndani. Ndege ikang'ara katika majaribio ya ndege za kivita ya Adlershof, na jeshi likaitaka upesi.

Hebu tusimame hapo. Kwenye ndege ya mabawa mawili yenye nyaya, kitu kimoja kikilegea huenda kingine kikashika. Hapa hapakuwa na kingine. Uhai wa rubani uliwekwa juu ya boriti ambazo hakuna anayeziona tena plaiwudi ikishagundishwa. Umbo la namna hii halimsamehe fundi mzembe.

Tena onyo lilikwisha kutolewa, na halikuwa la kunong'onwa. Mwishoni mwa Oktoba 1917 ndege nyingine ya kampuni hiyohiyo, ile ya mabawa matatu, ilivunjika bawa la juu ikiwa hewani. Heinrich Gontermann, rubani mashuhuri aliyekuwa amekwisha kuangusha ndege na maputo 39, alikufa kwa ajali hiyo. Haukupita muda rubani mwingine naye akafa vivyo hivyo. Wachunguzi waliona ujenzi duni na mbao zilizoingia unyevu. Ndege zikazuiwa kuruka, kampuni ikaamriwa isimamie kazi yake vizuri zaidi, kisha zikaruhusiwa tena. Miezi tisa baadaye mambo yalirudi palepale.

Safari hii mabawa ya E.V yalitengenezwa na kiwanda cha piano, Perzina cha Schwerin. Msiwacheke. Mtengeneza piano anaijua mbao na anaijua gundi pengine kuliko wengi wetu. Kilichokosekana ni msimamizi wa kusema, “Hili lirudishwe.” Mbao hafifu zilipita. Vipande vya juu na vya chini vya boriti viliachanishwa kupita kipimo, boriti zikatoka nene mno. Badala ya kuzitupa na kuanza upya, mafundi walizipiga randa juu na chini mpaka zikaenea. Sasa, nguvu ya boriti ya aina hiyo iko hasa juu na chini, palepale randa ilipopita. Yale maranda yaliyolala sakafuni yalikuwa onyo tosha. Yakafagiliwa.

Katikati ya Agosti 1918 Luteni Emil Rolff wa kikosi cha Jasta 6 alipata ushindi wa kwanza kwa E.V. Tarehe 19 ya mwezi huohuo bawa lilivunjika akiwa angani, akafa. Ajali nyingine ikafuata, ndipo E.V zote zikazuiwa. Uchunguzi ulikuta hizo boriti zilizokondeshwa, gundi iliyoharibiwa na maji, na pini zilizopasua mbao badala ya kuishika.

Baadaye Anthony Fokker, mwenye kampuni, aliwalaumu maofisa wa jeshi: eti walimlazimisha kuikaza boriti ya nyuma, na bawa likawa linajipinda. Huenda alikuwa na hoja. Lakini majaribio yalionyesha kuwa bawa lililojengwa sawasawa lilihimili mzigo na kubakiza akiba.

Nisijitoe. Fundi akiniletea kabati linalong'aa vanishi, mimi hufungua mlango mara moja, nikasifu, nikalipa. Sijawahi kuligeuza nitazame mgongo wake. Tuligeuze, ndugu zangu, hata fundi akinuna.

Mabawa ya E.V yakaundwa upya, na ndege ikarudi vitani vuli hiyo kwa jina jipya, D.VIII. Vita vilikwisha Novemba 11, nazo ni takriban 85 tu zilizokuwa zimefika mstari wa mbele. Leo katika jumba la makumbusho la Caproni, Trento, Italia, kimehifadhiwa kiwiliwili cha mojawapo. Bawa lake halipo.