Ufunguo wa Barney Clark

Tarehe 2 Desemba 1982, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City, daktari William DeVries alimwekea Barney Clark moyo wa plastiki na alumini ulioitwa Jarvik-7. Clark alikuwa daktari wa meno mstaafu mwenye miaka 61, na kwa masharti ya wakati ule umri wake ulimnyima nafasi ya kupandikizwa moyo wa binadamu. Mirija miwili ilitoka mwilini mwake hadi kwenye mashine ya kusukuma hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo 150. Mashine ilipokaa, naye alikaa hapohapo.

Alipewa na ufunguo. Willem Kolff, mvumbuzi wa figo bandia na kiongozi wa mradi ule, aliona si haki kumfunga mtu kwenye mashine bila kumwachia njia ya kuizima mwenyewe pale mateso yatakapozidi.

Mateso hayakuchelewa. Wiki ya kwanza haijaisha, Clark akashikwa na degedege. Kisha vali moja ikavunjika, akarudishwa chumba cha upasuaji. Damu ilimtoka puani hadi nayo ikahitaji upasuaji. Kuna siku alikuwa amechanganyikiwa, na kuna siku aliomba aachwe afe. Lakini Machi 1983, akihojiwa na DeVries mbele ya kamera, alisema imekuwa safari ngumu, ila inafaa kama njia nyingine ni kifo, na kwamba amefurahi kuwasaidia watu. Kauli zote mbili zilikuwa zake. Anayetumia moja tu kuusifu au kuulaani moyo wa bandia anamdhulumu.

Magazeti yalihesabu siku zake: 112. Miaka miwili baadaye William Schroeder, aliyewekewa moyo kama huo Louisville, alifikisha siku 620, na kwa hesabu hiyo akaonekana ameshinda. Tazama lakini siku zenyewe. Katikati ya Desemba 1984 alizungumza kwa simu na Rais Ronald Reagan, akamlalamikia kwamba malipo yake ya hifadhi ya jamii yamechelewa. Huyo ni mtu aliyerudi kwenye maisha, anadai haki yake! Kesho yake akapigwa na kiharusi, na baadaye vikaja vingine. Sehemu kubwa ya zile siku 620 aliishi akiwa amepungukiwa na usemi na kumbukumbu.

Kwetu mgonjwa huulizwa umeamkaje. Hakuna anayemwuliza amefikisha siku ya ngapi. Swali hilo la kila asubuhi ndilo lililokosekana kwenye hesabu za magazeti, na ndilo ninaloomba kila daktari alishike.

Pampu za moyo za leo zimepiga hatua kubwa. HeartMate 3 hukaa kifuani, ikisaidia moyo badala ya kuuondoa, na katika utafiti mkubwa wa Marekani makadirio yalionyesha asilimia 58 ya waliowekewa wakiwa hai baada ya miaka 5. Wengi hurudi nyumbani, hupanda ngazi, hulala bila kukosa pumzi. Lakini kebo hutoka tumboni. Tundu lake lazima lioshwe na kufungwa bandeji safi, maana vijidudu hupita hapo, na kuogelea ndiyo basi. Mchana mgonjwa hubeba betri, usiku hujiunga na umeme wa ukutani. Humeza warfarini damu isigande, huku akiogopa kuvuja damu. Ukimshika kifundo cha mkono, mara nyingi huusikii mpigo. Mke au mtoto anayebadili bandeji na kuamshwa na king'ora cha mashine usiku wa manane naye anaishi na pampu ile. Aulizwe na yeye.

Tangu 2013 bima ya serikali ya Marekani, Medicare, inataka mtaalamu wa tiba shufaa awemo kwenye timu ya pampu za kudumu. Ni jambo jema, kwa sababu mazungumzo ya kuizima pampu yanatakiwa kufanyika mgonjwa angali na kauli. Clark alitia saini fomu ya ridhaa ya kurasa 11, na mwanasheria George Annas aliikosoa kwa kutosema lipi lifanyike akibaki hai lakini asiweze tena kuamua.

Tarehe 23 Machi 1983 viungo vingine vya Clark vilikuwa vimeshindwa. Moyo wa plastiki bado ulisukuma. Ulizimwa kwa mkono wa mtu mwingine.