Sanduku Lenu Lina Kufuli Ngapi?

"Sisi ni vijana wa hapa hapa mtaani, tunakodi," kijana alijitambulisha. Mweka hazina wa kikoba chetu akamtazama juu ya miwani. "Mnakodi nini, viti au turubai?"

Kicheko hicho ndicho kilichofungua kikao. Kumbe "kukodi" kwao ni kuandika programu za kompyuta, na hiyo kazi walikuwa wameamua kuifanya bure kila Jumamosi. Walitaka kutengeneza tovuti ambayo vikundi vyote vya mtaa, vya vicoba, vya kuzikana, vya mbio za asubuhi, vingejiandikisha ili vijuane. Maana huku Mbagala unaweza kuishi miaka kumi jirani na kikundi usikijue, mpaka siku ya msiba.

Tukawapigia makofi, soda zikaletwa. Kisha ikatoka fomu: jina la kila mwanachama, namba ya simu, idadi ya hisa.

Mwanakikoba anajua sanduku letu lilivyo. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Halifunguliwi gizani wala uani, ni mbele ya wanachama, na fedha zinahesabiwa kwa sauti.

"Mwanangu," mweka hazina akasema, "sanduku letu lina kufuli tatu. Lenu lina ngapi?"

"Lina neno la siri, mama."

"Analijua nani?"

"Mimi."

"Basi ni kufuli moja, na ufunguo unao wewe."

Nakiri kwamba nilimwonea haya yule kijana. Nilitaka hata kuingilia: jamani, watoto wamejitolea, tusiwakatishe tamaa. Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoanza kujihoji. Kwa nini anayetoa bure tunaona vibaya kumuuliza? Kwenye msaragambo kila mtu anaona nani kabeba jiwe na kaliweka wapi. Jiwe la mwandika programu halionekani, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kulionyesha zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Mweka hazina hajaisoma. Alichosoma yeye ni sanduku.

Wala sidharau kazi yao. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, Wakenya wachache na rafiki zao, wengine wakiwa ng'ambo, walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu: mtu anatuma taarifa ya alichokiona, inawekwa kwenye ramani. Programu yenyewe wakaiacha wazi kwa yeyote, na miaka miwili baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Huo ni ukarimu wa kweli. Lakini programu kuwa wazi ni jambo moja, na majina ya watu kuwa wazi ni jambo lingine. Vijana wetu, kwa furaha ya kutoa, walikuwa wameyachanganya.

Walirudi baada ya wiki tatu. Sikutegemea, kusema kweli; wanaokuja na kompyuta mpakato huku kwetu mara nyingi huja mara moja, wakapiga picha. Majina na hisa walikuwa wameviondoa. Yamebaki jina la kikundi, siku ya kikao, mahali, na vitu ambavyo kikundi kiko tayari kuazima. Namba ya simu ni moja tu, ya katibu, tena kwa ridhaa yake. Ada ya jina la tovuti, ambayo hulipwa kila mwaka, tulikubaliana vikundi vichangie, isije ikafa siku kijana akipata kazi Dodoma.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba vikundi vitatu vya mtaa mmoja vina maturubai yamelala stoo, na cha nne, ng'ambo ya mtaro, hukodi kila msiba.

Zamu yetu ya kuandika ilipofika, mweka hazina alikataa kuandikiwa. Akavuta kiti, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada, huku kijana amesimama nyuma yake kimya: "Masufuria makubwa mawili. Yarudi yamesuguliwa."