Mpishi Asiyependa Jiko

Jina la Mungu halikosekani vinywani mwetu. Limo katika salamu, Bwana Yesu asifiwe au Tumsifu Yesu Kristo. Limo katika kila ahadi, Mungu akipenda. Limeandikwa hata kwenye kioo cha nyuma cha daladala ambayo dereva wake ametukana watu tangu alfajiri. Kulitaja hakutushindi. Kinachotushinda ni kukumbuka, kazi ikiwa imepamba moto, kwamba huyo tunayemtaja yupo.

Mtu mmoja aliyejifunza kukumbuka hivyo ni Nicolas Herman, aliyezaliwa Lorraine, katika Ufaransa ya leo, mwanzoni mwa karne ya 17. Alipigana katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa na kubaki kilema wa mguu. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani, na yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mzito wa mikono, mvunja kila kitu. Mwaka 1640 watawa Wakarmeli wa Paris wakampokea. Hakuwa na elimu ya upadre, hivyo akawa bruda wa kazi za mikono, Bruda Laurent wa Ufufuko, na akapangiwa jikoni.

Wanaomsimulia siku hizi humchora akitabasamu kati ya masufuria. Wanaruka jambo moja: jiko hakulipenda hata kidogo. Alikaa humo miaka ipatayo 15, kisha akahamishiwa kutengeneza makubazi ya watawa wenzake. Na kwa miaka kama 10 ya mwanzo moyo wake haukutulia. Dhambi zake zilimwelemea, akahofu kwamba amepotea. Hilo ndilo linalonifanya nimwamini. Angesema alionja utamu tangu siku ya kwanza, ningemweka kundi moja na wahubiri wanaouza furaha kwa chupa.

Alichofanya ni kidogo mno. Alisema na Mungu maneno machache, ya kawaida, kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada yake. Mawazo yakitoroka, aliyarudisha. Akikosea, alikiri, akaomba msamaha, akaendelea na shughuli bila kujikaripia siku nzima. Hapa wengi wetu tunakwama. Tunadhani kujilaumu kwa muda mrefu ni ucha Mungu, kumbe aliyezama katika kosa lake bado anajitazama yeye tu. Namna hiyohiyo ilimfaa hata safarini: Laurent alitumwa Burgundy kununua divai. Biashara hakuijua, na kwenye mashua mguu ulimlazimu ajiviringishe juu ya mapipa ndipo apite. Alimwambia Mungu kwamba shughuli hiyo ni yake, kisha akaifanya.

Tupo tuliofundishwa uwepo wa Mungu kwa namna nyingine. Mtoto akipeleka mkono kwenye kopo la sukari, anaambiwa: Mungu anakuona! Kweli anaona. Lakini mtoto huyo akikua akimjua Mungu kama askari kanzu, si ajabu akatafuta pa kujificha. Laurent hakuwa na haja ya kujificha, maana aliyekuwa naye alikuwa wa kuzungumza naye.

Mwaka 1930, Mmarekani Frank Laubach, mmisionari huko Mindanao, Ufilipino, naye alijaribu kuelekeza mawazo yake kwa Mungu dakika kwa dakika. Aliandika bila aibu kwamba siku nyingi alishindwa. Ningeogopa hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa ni rahisi kuishia kuhesabu dakika na kumsahau Mungu. Ila kuna jambo linalomtetea. Katika kipindi hichohicho alianza kuwasikiliza majirani zake Wamaranao, ambao ni Waislamu na ambao alikuwa amekwenda kwao akiwadharau. Akajifunza lugha yao, akawatengenezea chati za kusomea. Mtu anayesema anatembea na Bwana halafu hamwoni jirani, au anajaza kipimo cha maharage kwa kukiacha na pengo katikati, mimi simsadiki, hata awe amekesha kanisani.

Laurent hakutaka kusifiwa. Mtu mmoja alipomsihi sana aeleze alifikaje kuishi hivyo, alikubali kumwandikia kwa sharti kwamba barua isionyeshwe kwa mtu yeyote. Alifariki Februari 1691. Padre Joseph de Beaufort akakusanya barua zake na kuzichapisha.