Bibi na Kibaba cha Maji

Ndugu zangu waumini, leo tumkumbuke bibi mmoja. Nasema bibi kwa maana ya nyumbani: mwenye wajukuu.

Ni Nusayba binti Kaab, Ummu Ammara (R.A.), Mwansari wa Madina. Katika kiapo cha pili cha Akaba waliapa wanaume sabini na kitu na wanawake wawili. Mmoja wao ni yeye. Mwaka wa 3 wa Hijra alikwenda vita vya Uhud na kiriba cha maji, awanyweshe wapiganaji. Wapiga mishale walipoacha kilima na watu wakatawanyika, akakitua kiriba, akashika upanga, akasimama kumkinga Mtume (S.A.W.). Alirudi na majeraha yapatayo 12. La begani lilimuuguza mwaka mzima.

Miaka ikapita. Binti wa Saad bin Rabii, ambaye baba yake alikufa shahidi siku ileile, akamwendea kumuuliza habari za Uhud. Akaonyeshwa kovu: shimo begani, tena la kina. Mimi nadhani binti yule alikuwa akimtafuta babake ndani ya masimulizi.

Ummu Ammara mwenyewe alikuwa na msiba wake. Mwanawe Habib alikatwakatwa kiungo baada ya kiungo na Musaylima, yule mwongo aliyejidai utume. Mama akaenda vita vya Yamama kupigana na Musaylima huyo, akarudi bila mkono mmoja. Zama za Sayyidna Umar zililetwa shuka, moja ikiwa pana na nzuri kuliko zote. Watu wakamtajia mke wa mwana wa Umar mwenyewe. Umar akasema yupo mwenye haki zaidi, akampelekea Ummu Ammara.

Sasa nisikilizeni hapa. Alikuwa na mjukuu, Abbad bin Tamim. Bibi mwenye makovu kama yale, mjukuu angeweza kutusimulia panga tupu. Lakini katika Sunan ya Abu Daud, alilolipokea Abbad kwa bibi yake ni hili: Mtume alitaka kutawadha, akaletewa chombo chenye maji kiasi cha theluthi mbili za mudi. Mudi ni kibaba chetu, kile ambacho vinne vyake hufanya pishi ya fitri. Theluthi mbili zake hazijazi hata chupa ya nusu lita.

Nyote mmepita mabombani kabla ya kuingia humu msikitini. Leo nimemwona kijana amefungua bomba, maji yanakwenda zake, naye anabishana na mwenzake habari za mpira. Sikumkemea, nami nimefanya hivyo mara nyingi.

Marehemu bibi yangu alikuwa na kopo lake la udhu, la bati, mkono wake umefungwa waya. Kopo moja lilimtosha mpaka miguuni, na yaliyobaki akimwagia mrehani uliokuwa kando ya mlango. Nilikuwa nikimwona kila alfajiri nikipita na mswaki mdomoni. Nani alimfundisha kipimo kile, mama yake, au mwalimu wake wa chuoni, sikumuuliza. Alikuwapo miaka yote ile, hatua tatu kutoka nilipolala.